Tafuta Mlango: Namna ya Kuchambua Sizoni za Dunia Njema na Dunia Mbaya

Mwongozo huu ni wa watu wanaotazama sizoni pamoja na wakimaliza hawataki kwenda kulala: wapangaji wa nyumba moja Sombetini, hapa Arusha, walimu wa sekondari Moshono, vijana wa kibanda umiza Unga Limited, ndugu waliokutana sebuleni Njiro wakati wa likizo. Unahusu aina mbili za hadithi ambazo televisheni imezishika sana miaka hii. Ya kwanza ni utopia, dunia iliyopangwa iwe njema kwa kila aliyemo. Ya pili ni distopia, dunia ambayo mpangilio wake wenyewe ndio unaowatesa watu. Wasomaji wa Kiswahili si wageni wa mambo haya. Shaaban Robert alituandikia Kusadikika, nchi iliyo angani, mwaka 1951. Lakini ikifika zamu ya sizoni tunahesabu risasi na kumshangilia steringi, halafu tunazima taa. Sehemu tamu kuliko zote tumeiacha mezani.

Njia ninayoipendekeza ina swali moja kuu: mlango uko wapi? Nani anaweza kuondoka katika dunia hii, kwa ruhusa ya nani, na akitoka anakutana na nini? Nimelichagua swali hili kwa sababu mandhari yanadanganya. The Prisoner, sizoni ya Uingereza ya mwaka 1967 yenye episodi 17, imewekwa katika kijiji cha kupendeza kabisa, chenye maua, bendi ya matarumbeta na nyumba za rangi rangi. Walipigia picha Portmeirion, huko Wales. Kila mtu anakusalimia kwa tabasamu. Ila mwanamume anayeitwa Namba Sita hawezi kutoka, na hakuna anayemwambia kwa nini. Chukua upande wa pili, chombo cha anga cha Star Trek: bati tupu, vyumba vidogo, jua hakuna, hatari kila wiki, lakini afisa akitaka kuacha kazi anaacha. Ukihukumu kwa macho utakosea kote kuwili.

Hatua ya kwanza: chagueni sizoni moja, na msiitazame yote

Kumaliza msimu mzima usiku mmoja kunaua uchambuzi. Macho yakichoka, akili inabaki kufuata nani kafa na nani kapona. Episodi mbili zinatosha kwa jioni moja, na ikiwezekana ziwe mbili za mwanzo, maana hapo ndipo watunzi wanapoeleza dunia yao inavyoendeshwa.

Kwa kundi jipya anzeni na Squid Game ya Korea Kusini, iliyotoka Septemba 2021, ya watu wenye madeni wanaocheza michezo ya kitoto kuwania fedha, na anayeshindwa anauawa. Karibu kila mtu ameiona au amesimuliwa, kwa hiyo hakuna atakayelalamika kwamba umemharibia. Kama kuna wasiopenda damu, tafuteni Nosedive, episodi ya Black Mirror ya mwaka 2016, inayojitegemea na kwisha kwa saa moja hivi bila mtu kuuawa. Wenye subira wachukue Silo ya 2023. Watoto wakiwepo, wekeni Iwájú ya 2024, katuni ya episodi 6 ambayo kampuni ya Kiafrika ya Kugali iliitengeneza pamoja na Disney: Lagos ya miaka ijayo, matajiri kisiwani, wengine wote bara, na watoto wawili, Tola na Kole, waliozaliwa pande tofauti za maji. Watoto huielewa haraka kuliko wazazi. Squid Game isiwekwe mbele yao hata kama michezo yake ni gololi na kuvuta kamba, na The Handmaid's Tale vilevile.

Pakueni mapema na mjaze chaji ya kompyuta. Umeme ukikatika mabishano yakiwa yamepamba moto, watu hutawanyika na hawarudi.

Hatua ya pili: sikilizeni sauti ya asili angalau mara moja

Sizoni nyingi zinatufikia zikiwa zimetafsiriwa na ma-DJ wetu, na hiyo ni sanaa ninayoiheshimu. Msimuliaji mzuri anamleta Mkorea au Mmarekani hadi kwenye baraza letu: anampa jina la utani, anamgombeza anapotaka kufanya ujinga, anamwonya kwamba adui yuko nyuma ya pazia. Bibi asiyejua Kiingereza wala Kikorea anacheka na kusikitika pamoja na wajukuu zake. Hilo ni jambo kubwa, na siungi mkono wanaowabeza watafsiri hawa.

Kwa uchambuzi, hata hivyo, kuna mambo mawili yanapotea. Kwanza, msimuliaji anahukumu kwa niaba yako. Akishasema huyu ni adui, umefungiwa nafasi ya kujiuliza kama adui huyo naye amenaswa. Pili, anajaza kimya, na anaruka maneno ya kiofisi kwa sababu hayana msisimko. Sasa katika distopia, ukatili mara nyingi umejificha humo humo, katika tangazo la kipaza sauti linalosomwa kwa adabu, katika fomu ambayo mhusika anasaini bila kuisoma. Katika Squid Game washiriki wanawekewa mkataba, unasomwa kwa sauti tulivu, wanasaini. Ukilipita tukio hilo haraka, sizoni yote inakuwa hadithi ya wauaji waliovaa mavazi ya waridi.

Fanyeni hivi: tazameni iliyotafsiriwa kwanza, mfurahi. Kisha rudini kwenye matukio mawili tu katika sauti ya asili yenye maandishi chini, yaani pale sheria zinapotajwa na pale mtu anapoomba kuondoka. Mmoja anayesoma Kiingereza haraka awasomee wenzake kwa Kiswahili. Msimamishe picha kila inapobidi. Hii si ibada.

Hatua ya tatu: andikeni sheria za dunia hiyo

Chukueni karatasi moja kubwa. Andikeni mianzo mitatu: ni lazima, ni marufuku, ukivunja. Jazeni kwa yale tu yaliyosemwa au kuonekana yakitendeka. Mtu akisema "nadhani serikali yao inafanya hivi", mwulize ameliona wapi.

Silo inajaza karatasi kwa dakika chache. Watu 10,000 wanaishi chini ya ardhi katika ghorofa 144. Hakuna lifti, ngazi tu. Kumiliki kitu cha dunia ya zamani ni kosa. Na anayetamka kwamba anataka kutoka nje anatolewa, wala hawezi kuifuta kauli yake. Hapo hapo muulizane: kwa nini jengo kubwa namna hiyo halina lifti? Kikundi kikikaa na swali hilo kitaanza kuona jinsi habari zinavyochelewa, na jinsi mtu wa chini asivyomfahamu wa juu.

Nosedive ni ngumu zaidi kwa sababu sheria haijaandikwa popote. Watu wanapeana nyota, moja hadi tano, kila wanapokutana, hata kwa kikombe cha kahawa. Lacie, mhusika mkuu, ana 4.2 na anahitaji 4.5 ili apate punguzo la kodi katika nyumba anazozitamani. Hakuna askari anayemlazimisha kutabasamu. Sheria hii isiyo na mwandishi iandikeni kwanza kwenye karatasi, kwa herufi kubwa.

Za utopia zinahitaji jicho la aina nyingine, kwani mara nyingi sheria yake ni kitu ambacho hakipo. Katika Star Trek ya kizazi cha pili, iliyoanza 1987, watu wa Dunia wamekwisha kuacha kutumia fedha, na hakuna anayelala njaa. Katika ile ya kwanza, iliyoanza Septemba 1966, ofisa wa mawasiliano ni mwanamke mweusi, Uhura, aliyepewa jina kutokana na uhuru wetu huu huu, na ndani ya chombo hakuna anayemshangaa. Mwaka huo kulikuwa bado na majimbo ya Marekani ambamo ndoa ya mweusi na mweupe ilikuwa kosa la jinai. Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilizifuta sheria hizo Juni 1967. Kile kutoshangaa ndiyo sheria ya utopia ile. Iandikeni.

Hatua ya nne: tafuteni mlango

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Nawashauri mgawe swali mara nne: mlango wa kutoka upo? Nani ana ufunguo? Nje kuna nini? Na aliyetoka akirudi, anapokewaje?

Rudini kwa Squid Game. Mkataba una vipengele vitatu. Mshiriki haruhusiwi kuacha mchezo. Anayekataa kucheza anaondolewa, na mnajua kuondolewa maana yake nini. Lakini kipengele cha tatu kinasema wengi wakikubaliana, michezo inasimama. Kwa hiyo mlango upo, umeandikwa, na una kura. Washiriki 456 wanaingia, mchezo wa kwanza unawabakiza 201, wanapiga kura, na kwa tofauti ya kura moja, 101 kwa 100, wanaruhusiwa kwenda makwao. Waandaaji wanatimiza ahadi. Hakuna anayepigwa risasi mgongoni.

Halafu inakuja episodi ya pili, na hii msiikimbize. Wengi huiona ya kuchosha kwa kuwa haina mchezo hata mmoja. Tunawafuata watu Seoul: madeni, mama mgonjwa asiye na fedha za matibabu, mhamiaji kutoka Pakistani ambaye bosi wake hamlipi. Jina la episodi hiyo ni Jehanamu. Watunzi wangeweza kuipa jina hilo ile ya kwanza yenye maiti zaidi ya 200 uwanjani. Wameipa hii ya mitaa ya kawaida. Mwisho wake, kati ya wale 201, watu 187 wanarudi wenyewe kwenye michezo.

Mama mmoja anayeuza mboga Soko la Kilombero alilipokea jambo hili bila kuhitaji maelezo yangu. Alisema wale ni watu wa kausha damu. Mwenye mkopo wa aina ile, alisema, mlango wake uko wazi saa ishirini na nne, ila kila anapoutokea anamkuta anayemdai. Sijapata kusikia uchambuzi bora wa sizoni ile. Kutokana nao kundi letu lilipata kanuni ninayoitumia hadi leo: mlango unapimwa kwa kile kilichoko nje. Mlango unaofunguka kwenye njaa haujafunguka.

Mkiwa na kanuni hiyo, zipitieni sizoni nyingine haraka haraka na muone zinavyojipanga. Severance ya mwaka 2022 ina mlango halisi wa mbao na chuma: Helly, mfanyakazi ambaye akili yake imegawanywa ya kazini na ya nyumbani, anausukuma atoke kwenye ngazi, na papo hapo anajikuta anaingia tena, kwa sababu yule Helly wa nje amegeuka na kurudi. Ufunguo anao yeye mwenyewe, na yeye mwenyewe ndiye anayejinyima. Bishaneni juu ya hilo mpaka chai ipoe. Katika Silo mlango ni haki ya kila raia, na nje ni hewa inayoua, au ndivyo wanavyoonyeshwa kupitia kamera moja ambayo anayetolewa huombwa kuifuta kioo. The Good Place, iliyokwisha Januari 2020 baada ya misimu minne, ni ya vichekesho lakini inastahili nafasi mezani: hata peponi penyewe watu wamechoka na kupumbaa kwa raha isiyo na mwisho, na panakuwa pema tena pale tu panapowekwa mlango wa kuondokea kwa hiari.

Na swali la nne, la anayerudi, Shaaban Robert alilishughulikia kabla ya hawa wote. Kusadikika inatuma wajumbe sita nje ya nchi, pande zote, juu na chini. Wanakwenda, wanajifunza yaliyo mema, wanarudi nayo, na malipo yao ni gereza. Nchi ile haikuogopa watu kutoka. Iliogopa wanachorudi nacho. Walimu wa fasihi, hapo ndipo pa kuishikia riwaya hii wanafunzi wanapolalamika kwamba ni ya zamani.

Hatua ya tano: ulizeni nani analipa

Kila dunia njema ya kwenye kioo ina gharama, na gharama ina mlipaji. Chukueni The Handmaid's Tale, iliyoanza 2017. Watawala wa Gilead, nchi ya sizoni hiyo, hawajioni kama waovu. Nchi yao ilikuwa imechafuka, watoto hawazaliwi, na wao wanaamini wameokoa jamii. Mmoja wa wakubwa hao anakiri waziwazi kwamba kuboresha mambo hakujawahi kumaanisha kuyaboresha kwa kila mtu. Daima kuna wanaozidiwa na mabaya. Kwa mke wa mkubwa mwenye bustani, na kwa mjakazi anayezalishwa kwa nguvu, nyumba ni ile ile moja. Wekeni majina ya wahusika wote kwenye karatasi, na mbele ya kila mmoja andikeni anachopata na anachotoa. Yule ambaye safu yake ya kupata haina kitu ndiye mlipaji, na mara nyingi sizoni itakuwa imempa maneno machache kuliko wote.

Brazil ilitoa mfano mzuri, 3%, misimu minne kuanzia Novemba 2016. Kila kijana akifika miaka 20 anapewa nafasi moja maishani ya kufanya usaili. Asilimia 3 wanachukuliwa kwenda kisiwa cha neema, wengine wanarudi kwenye ufukara hadi kufa. Wanaoshindwa wanaamini wameshindwa kwa uvivu wao. Nimeona vijana waliokuwa wakisubiri matokeo ya kidato cha nne wakiitazama hii kimya kabisa. Baadaye inajulikana kwamba hata wateule wanalipa: hawawezi tena kuzaa, ili pasiwepo na mtoto wa kurithi nafasi bila usaili. Je, hiyo ni haki iliyokamilika au ukatili uliokamilika? Kundi likigawanyika nusu kwa nusu, mko kwenye njia sahihi.

Hatua ya sita: tafuteni kona njema

Hii ni fupi. Distopia nzuri huacha mahali pamoja ambapo watu wanajaribu kuishi vizuri. Katika The Last of Us ya 2023, ambayo dunia yake imeangamizwa na ugonjwa, ni mji wa Jackson, Wyoming: wanakula pamoja, wanapokezana zamu za kazi na ulinzi, mali ni ya wote, na Maria, mmoja wa viongozi wake, hasiti kusema kwamba huo ni ukomunisti. Upimeni kwa mlango. Joel na Ellie, wasafiri wawili wakuu wa hadithi, wanaruhusiwa kuondoka, tena wanapewa farasi. Lakini kumbukeni walivyopokewa mwanzo: mtutu wa bunduki na mbwa wa kunusa wagonjwa. Mji unaweza kuwa na mlango mpana wa kutokea na mwembamba wa kuingilia, na hilo nalo liandikwe.

Hatua ya saba: leteni nyumbani

Kundi likiishia Korea na Marekani, limefanya nusu ya kazi. Sisi tuko Arusha, na jina la mji huu limo kwenye mojawapo ya maandiko mazito ya kupanga dunia njema barani Afrika. Azimio la Arusha lilitangazwa 5 Februari 1967, miezi mitano tu baada ya Uhura kuonekana kwa mara ya kwanza. Lisomeni kama mlivyosoma sheria za Silo; ukurasa wa masharti ya viongozi unatosha kwa jioni moja. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni. Asiwe na mishahara miwili. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Linganisheni na karatasi zenu za hatua ya tatu: karibu kila distopia ya televisheni inambana mtu wa chini, ilhali hapa kamba imefungwa kwa mkubwa. Binafsi naona hilo ni jambo la heshima kubwa, na vijana wetu hawaambiwi vya kutosha. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1991, katika kikao cha chama tawala kilichofanyika Zanzibar.

Kisha ulizeni mlango. Vijiji vya ujamaa vilianza kwa hiari. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na ukomo ukawa 1976. Mamilioni walihamishwa, kuna mahali nyumba za zamani zilichomwa ili watu wasirudi. Shule, zahanati na maji ya bomba vilikuwa nia ya kweli, na wengi walivipata. Ramani ya kijiji haikubadilika kati ya 1972 na 1974. Kilichobadilika ni mlango.

Hapa mualikeni mzee. Shikamoo, kiti kizuri, chai ya maziwa, na swali moja tu: "Mzee, wewe ulihamia au ulihamishwa?" Halafu nyamazeni. Wengine watawaeleza kwa furaha shamba la pamoja na shule ya kisomo cha watu wazima. Wengine watakumbuka mahindi yaliyoachwa yakiwa yamekomaa shambani. Wazee wa Uchagani mara nyingi watasema wao hawakuhamishwa, kwa vile vihamba, yaani mashamba yao ya ukoo, vilikuwa vimekwisha kubanana kiasi kwamba vijiji viliandikishwa pale pale vilipo. Msimsahihishe mzee kwa kitabu. Kama mna nafasi, Makumbusho ya Azimio la Arusha yako Kaloleni, karibu na mnara wa Mwenge, na mnaweza kwenda pamoja Jumamosi.

Kuna jengo jingine mjini kwetu linalohusu mada hii, nalo linahitaji utulivu zaidi. Margaret Atwood, ambaye riwaya yake ya 1985 ndiyo iliyozaa The Handmaid's Tale, alijiwekea sharti la kutoingiza jambo ambalo binadamu hawajawahi kulitenda mahali fulani duniani. Mtu wa kundi lenu akisema Gilead haiwezekani, mwelekezeni AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa cha hapa Arusha. Katika majengo yale, 2 Septemba 1998, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari, na hukumu hiyo ilitamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Desemba 2003 mahakama hiyo hiyo iliwatia hatiani watu waliotumia redio na gazeti kuchochea mauaji. Vizuizi barabarani, vitambulisho vinavyoamua nani apite, sauti ya redioni inayotaja majina: yote yalisikilizwa hapa, na mahakama ilifunga shughuli zake mwisho wa 2015. Waliokuwa wakalimani, madereva na wahudumu pale bado ni majirani zetu. Jambo hili lisiletwe kama kionjo cha mjadala. Na kama kuna mgeni kutoka Rwanda katika kundi, yeye aamue kama litajadiliwa.

Hatua ya nane: msiziache tamthilia zetu

Wapo wanaodhani utopia na distopia ni lazima ziwe na roboti. Washeni king'amuzi jioni yoyote. Jumba la kifahari, geti la umeme, magari matatu, sofa nyeupe: hiyo ni dunia njema inayouzwa kwa mtazamaji kila siku. Sasa mwangalieni dada wa kazi. Anatoka lini? Simu yake anayo nani? Mshahara wake umetajwa? Mkwe aliyetoka kijijini anaruhusiwa kukaa sebuleni au anaishia jikoni? Jumba lile lile ni pepo kwa mmoja na kifungo kwa mwingine, na geti ndilo mlango wenu wa kuchunguza. Tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili zinajibu vizuri zaidi, hasa ile ya Sultani Suleiman iliyoanza kwao mwaka 2011: kasri la dhahabu, mamia ya wanawake, na msichana mateka anayepanda ngazi hadi juu kabisa ndani ya ukuta ule ule. Natamani waandishi wetu wa Bongo wampe dada wa kazi episodi nzima, kamera ikae naye tangu saa kumi na moja alfajiri. Wana uwezo huo.

Hatua ya tisa: tungeni yenu

Baada ya jioni nne au tano, gawaneni makundi ya watu watatu watatu na kila kundi litunge dunia yake kwa ukurasa mmoja. Iwe Arusha ya mwaka 2075, ili tusikimbilie miji ya watu. Masharti ni haya: sheria tatu tu, mlango mmoja, na ielezwe nani ana ufunguo, mtu mmoja anayelipa gharama, naye apewe jina na kazi. Mlima Meru uwepo, maji yatoke mahali fulani, na ijulikane nani anayapata kwanza, maana katika mji huu maji yataingia kwenye hadithi hata mkiyazuia.

Someni kwa sauti. Baada ya kila ukurasa, kila msikilizaji aseme angependa kuzaliwa nani katika dunia hiyo, kisha msomaji achanganye majina ya wahusika kwenye kofia na kila mtu achote lake. Nguvu ya sheria zenu itaonekana katika sura za waliochota. Kama wote wameridhika na walichopata, sheria ni laini mno. Ongezeni moja na mchote upya. Kama hakuna hata mmoja aliyeridhika, mmejenga jela, na jela haihitaji msimu wa pili. Mkiona nusu wanang'ang'ania karatasi zao na nusu wanaomba kubadilishana, andikeni episodi ya kwanza wiki hiyo hiyo, mkianzia kwa mtu aliyesimama mbele ya mlango.